Tivii haijafa rangi

(Haya niliyaongea Alhamisi kwenye onyesho letu la muvi za zamani, kabla hatujawasha projekta. Waliochelewa wameomba niandike, nimeandika kama yalivyotoka mdomoni, msinisahihishe.)

Wazee wangu shikamooni. Vijana mambo. Wale wa mabenchi ya nyuma mnanisikia au nipaze? Sogeeni basi huku mbele viti vipo, hakuna anayeng'ata huku.

Mi mnanijua ni fundi tivii, kuongea mbele za watu sio kazi yangu, kwa hiyo nianze na ya ufundi. Kuna jamaa mmoja, leo hayupo, aliniletea tivii ya inchi 32 kaipakata kwenye bodaboda kama mtoto mwenye homa, ananiambia fundi hii imekufa rangi tangu jana usiku. Nikaichomeka. Rangi zote zipo, mtangazaji kavaa kitenge kinawaka mpaka macho yanauma. Nikamuuliza rangi ilikufa saa ngapi, akasema saa nne na nusu usiku, nilikuwa naangalia muvi moja ya wazungu wamefungiwa kwenye chumba wanabishania dogo anayedaiwa kaua baba yake, nikahangaika na rimoti weee, nikaipiga makofi tivii, wapi. Nikamuuliza na matangazo je, yalikuja na rangi? Akanyamaza kidogo. Akasema yalikuja.

Nilicheka mpaka bisibisi ikaniponyoka. Jioni nafunga kibanda ndo akili ikanirudi, nikaona swali la maana sikuliuliza, nikampigia simu. Ivi kaka ile muvi uliishia wapi? Akanisimulia yote mpaka mwisho, kile kisu, yule baba aliyechana picha ya mwanaye, nani alibadilisha kura baada ya nani. Yani mtu anaamini kabisa tivii yake imeharibika, kesho yake anajua atatoa hela kwa fundi, na bado kakaa saa moja na nusu hajazima!

Kuanzia siku hiyo nikiambiwa vijana wa sasa hivi hawawezi kuangalia picha isiyo na rangi nabisha. Huu mwaka wa pili tunaonyesha hapa kila Alhamisi muvi za zamani za Hollywood na aliyenyanyuka kitini kwa sababu ya rangi sijamwona. Wanaonyanyuka wapo, ila wana sababu zingine, na baadhi ya sababu ni makosa ya sisi tunaoonyesha.

Kosa la kwanza nalifanya mimi na nyie wote wenye rimoti nyumbani. Muvi nyingi za kabla ya miaka ya 1950 zilipigwa kwenye umbo la karibu mraba, nne kwa tatu hivi, tivii za leo ni ndefu kama meza ya harusini, kwa hiyo ukiicheza inavyotakiwa unabaki na weusi kushoto na weusi kulia. Sasa mtu akiuona ule weusi anajiona kaibiwa, anakamata rimoti anaivuta picha ijae kioo kizima, na hapo ndo Humphrey Bogart anapata mashavu kama kameza andazi zima. Kuna dada alinibishia kabisa kwamba watu wa zamani walikuwa wafupi wanene. Nikairudisha picha ilivyokuwa, akasema kumbe mkaka mwenyewe mzuri.

La pili ni zile bubu. Kamera za muvi bubu mpigapicha alikuwa anazungusha kwa mkono, picha 16, 18, 20 kwa sekunde ilitegemea mkono wake na siku yenyewe, sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 ndo wakakubaliana ziwe 24. Ukiichukua ya zamani ukaicheza kwa 24 watu wote wanatembea kama wamekimbiwa na daladala. Mnacheka, na wachekeshaji wa kipindi hicho nao walikuwa wanaujua ujanja huo wakiutumia makusudi, lakini mkiona mpaka msiba unakwenda mbio jueni hapo ni mashine, marehemu hana kosa.

Turudi kwenye ile ya jamaa yangu. Inaitwa 12 Angry Men, ya mwaka 1957, ndo ya kwanza ya sinema kwa mwongozaji Sidney Lumet, kabla ya hapo alikuwa mtu wa tivii. Karibu yote iko ndani ya chumba kimoja, wanaume 12 na meza, basi. Nimeionyesha hapa mara tatu na mara zote imekwenda vile vile. Dakika kumi za kwanza minong'ono, simu, mtu anamenya karanga. Halafu wanapiga kura, 11 wanasema dogo ana hatia, mmoja anakataa, na hapo utasikia ukumbi mzima unamsonya yule mmoja, huyu naye anatuchelewesha bwana! Baada ya saa moja wale wale waliomsonya wanamtetea kwa kelele mpaka jirani anagonga bati. Ukiwauliza mlihama saa ngapi hawana jibu.

Na kuna ufundi pale. Lumet mwanzoni aliweka kamera juu kidogo ya usawa wa macho, katikati akaishusha ikawa sawa na macho, mwishoni akaiweka chini inawaangalia kutokea chini mpaka dari unaliona, na lenzi akawa anazibadilisha kadiri inavyokwenda ili kuta zionekane zinasogea. Hakuna mtu hapa aliyewahi kuniambia habari ya lenzi. Wanachoniambia ni "fundi joto humu, washa feni", na feni inakuwa imewashwa.

Mzee mmoja aliuliza swali zuri, hawa ndo kama wazee wa baraza? Nikamwambia wanaelekeana, ila wazee wetu wa baraza wanatoa maoni na jaji hafungwi nayo, hawa wa Marekani wakishasema dogo hana hatia faili limefungwa, jaji anabaki kukunja joho. Akatikisa kichwa, akasema basi hao 12 wana mzigo. Halafu dada mmoja pale nyuma akanyoosha mkono, wanawake wako wapi? Nikamwambia hamna. Na mweusi je? Hamna. Akasema kwa hiyo huyo dogo wa mtaani alikuwa anahukumiwa na kina nani? Mi sikuwa na jibu nikaendelea kukunja waya.

Psycho sasa. Hii naipenda kuionyesha kwa watu wetu kuliko mtu mwingine yeyote duniani kwa sababu moja, sisi tumelelewa kwenye sheria kwamba steringi hafi. Tumekulia kwenye vibanda umiza kwa sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, tunajua adui atamwaga risasi kama mvua, steringi ataruka dirisha, shati litachafuka, mwisho atashinda. Mwongozaji Hitchcock mwaka 1960 anakuletea Janet Leigh, jina kubwa, unamfuata na dola 40,000 alizoiba kazini, unamwogopea polisi wa barabarani, unamwombea afike salama kwa mpenzi wake, na hata saa moja haijatimia anauliwa bafuni. Siku ya kwanza kuionyesha hapa kijana mmoja alikuja mpaka kwenye projekta akaniambia fundi umeruka kipande. Nikamwambia sijaruka. "Sasa steringi nani?" Nikamwambia kakae. Akakaa, ila kwa hasira, kama mtu aliyedhulumiwa chenji.

Pale bafuni wengine walianza kucheka kabla kisu hakijatokea kwa sababu ule mlio wa fidla, kwi kwi kwi, wameshausikia kwenye klipu za simu mara mia wanauhesabu kuwa kichekesho. Kicheko kikaenda sekunde kama tano hivi kikakatika chenyewe. Na hapo kwenye rangi nieleweke, Hitchcock rangi alikuwa nayo, muvi yake ya mwaka mmoja nyuma ilikuwa ya rangi tupu. Hii aliipiga bila rangi makusudi, kwanza alitaka bei iwe chini, alitumia wafanyakazi wa kipindi chake cha tivii na bajeti ya dola laki nane hivi, pili ni damu, zile lita zote zikiwa nyekundu watu wa ukaguzi wangemkata. Ile damu mnayoiona inazunguka kwenye shimo la maji ni sharubati ya chokoleti. Na kumbi za sinema aliziambia muvi ikishaanza mtu asiingie. Mi nikijaribu kufunga mlango hapa mnanitukana.

Kwenye mapenzi nipite haraka maana kuna wakwe humu. Kuanzia 1934 mpaka 1968 Hollywood walikuwa na kanuni zao za maadili, mume na mke unawakuta kwenye vitanda viwili kama wodini, na busu lisizidi sekunde tatu. Vijana wanacheka sana vile vitanda. Ila mama mmoja aliniambia fundi, hizi ndo muvi pekee ninazokaa na mkwe wangu bila kuipapasa rimoti. Na tena wajanja walikuwepo, kwenye Notorious ya 1946 Cary Grant na Ingrid Bergman wanabusiana, wanaacha, wanaongea habari za kuku wa chakula cha usiku, wanabusiana, anakwenda kwenye simu kamng'ang'ania, wanabusiana tena, dakika mbili na nusu hivi na hakuna busu lililovunja kanuni. Siku tuliyoionyesha hapa karanga zilikoma.

Casablanca. Hii ndo niliyotaka kuifikia.

Mnajua kwanza Casablanca yenyewe haipo mle. Ni mji wa Moroko, ila muvi imepigwa California kwenye studio za Warner mwaka 1942, vita imepamba moto, na ile ndege ya mwisho kwenye ukungu ni mbao na maboksi, ndogo kuliko ndege, ndo maana waliokuwa wanaihudumia kwa mbali wakachukuliwa watu wafupi wa kimo ili ionekane kubwa. Nikishawaambia hivi watu wanaicheka ndege, sawa, chekeni. Ila kuna pale kwenye baa Wajerumani wanaimba wimbo wao na Wafaransa wanaanza kuimba wa taifa lao mpaka wanaufunika, na kuna dada anaimba machozi yanamtoka. Yule anaitwa Madeleine Lebeau, alikimbia Ufaransa kweli mwaka 1940 yeye na mumewe Marcel Dalio, na mumewe yumo humo humo, ndo yule wa meza ya kamari. Dalio alikuwa Myahudi na Wanazi walikuwa wameichukua sura yake wakaibandika kwenye mabango ya kuwaonyesha watu Myahudi anafananaje. Na yule anayeigiza mkubwa wa Wajerumani, Conrad Veidt, ni Mjerumani aliyeihama nchi yake kwa sababu ya hao hao, mkewe alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Nusu ya waliojaa kwenye ile baa walikuwa wakimbizi wanaigiza wakimbizi. Nilipoionyesha mara ya kwanza sikusema chochote kati ya hivyo na watu walinyamaza vile vile. Mara ya pili nikaeleza mwanzo, wakanyamaza zaidi kidogo, siwadanganyi eti ilikuwa tofauti kubwa.

Kilichonishika ni kingine. Mle baani kuna mpiga kinanda, Sam, anaigizwa na Dooley Wilson. Wilson mwenyewe kinanda hajui, alikuwa mtu wa ngoma, vidole mnavyoviona vinadanganya. Ingrid Bergman anaingia, anakaa, anamuuliza kapteni habari za Sam, na anamtaja kwa neno "boy". Tuna kijana wetu hapa anayetafsiri kwa kipaza, mnamjua, anaongeza chumvi sana lakini yuko haraka, akatafsiri "yule kijana anayepiga kinanda". Mzee mmoja kwenye kiti cha pili kutoka ukutani akasema kwa sauti, "Hapo si kijana, hapo ni boi."

Ukumbi ukageuka. Akasema mi nilifanya kazi kwa wazungu kabla ya uhuru, nilikuwa napika, nilikuwa naitwa boi, na mwenzangu wa bustani alikuwa na wajukuu naye alikuwa boi, hilo neno nalijua hata likisemwa kwa upole kama anavyosema huyo mama. Basi. Akanyamaza akaendelea kuangalia. Dooley Wilson mwaka ule alikuwa na miaka 56, Bergman 26. Na ni muvi hiyo hiyo ambayo Rick, mwenye baa, anaulizwa Sam kiasi gani anajibu kwamba yeye hanunui wala hauzi binadamu, ukumbi ukampigia makofi. Vyote viwili vimo kwenye muvi moja, dakika chache tu kati ya hiki na kile. Waliokaa sinema mwaka 1942 wengi nadhani waliyasikia maneno yote mawili na lile la kwanza likawapita bila kukwaruza. Hapa limekwaruza. Kijana wetu wa kipaza tangu siku hiyo akifika pale anasema boi.

Kuna wanaonilaumu kwamba kwa nini nazionyesha hizi basi, na hasa lawama zilikuja siku ya Tarzan, ile ya 1932 na Johnny Weissmuller. Kiukweli ile watoto waliifurahia kwa sababu ambayo MGM, studio iliyoitengeneza, hawakuipanga. Tembo anatokea, mtoto wa darasa la tatu anapiga kelele huyo tembo sio! Na kweli sio. Walichukua tembo wa Asia ambao ni wapole wamezoea sarakasi wakawafunga masikio ya bandia makubwa wafanane na wa kwetu, na mtoto ambaye katembelea Mikumi mara moja tu na basi la shule kaliona sikio limebandikwa kabla ya watu wazima. Halafu wanakuja wale wanaoitwa mbilikimo, ni wazungu wafupi wamepakwa rangi nyeusi. Hapo hamkucheka, hapo mlizomea, na mi nikaacha mzomee, sikuzima. Kuzomea nako ni kuangalia.

Lakini mle ndani kuna vipande vya kweli na ndo vinavyoniuma. MGM mwaka 1929 walikuja huku kwetu kabisa na kamera zao kupiga muvi nyingine, Trader Horn, Kenya, Uganda mpaka kwenye maporomoko ya Murchison, Tanganyika, Kongo. Ikatoka 1931. Picha zilizobaki wakazichomeka kwenye Tarzan, ndo maana unaona mto wa kweli na watu wa kweli halafu ghafla unaona msitu wa California. Kwenye Trader Horn kuna Mkenya mmoja, Mutia Omoolu, ana nafasi kubwa na jina lake limeandikwa. Kwenye Tarzan lile genge wanalopanda kila siku kufika nchi ya Tarzan linaitwa Mutia. Mtu kageuka mlima. Niliposema hivyo hapa kuna kijana alitoa simu akatafuta sura ya Mutia akawa anaipitisha kiti kwa kiti, na muvi inaendelea, na mi ambaye huwa nawagombeza watu wa simu siku hiyo sikugombeza.

Sasa swali ambalo lazima liulizwe, fundi si uzitie rangi? Walishajaribu wenyewe. Ted Turner, tajiri wa tivii wa Marekani, aliinunua MGM mwaka 1986 akabaki na maktaba ya muvi zake akaanza kuzipaka rangi kwa kompyuta, waongozaji wakaja juu, mpaka Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 1988 ya kuchagua filamu 25 kila mwaka za kulindwa, na Casablanca nayo ikaonyeshwa na rangi kwenye tivii mwaka huo huo. Citizen Kane iliponea kwenye karatasi, mkataba wa mwongozaji wake Orson Welles ulimpa mamlaka yote juu ya ile muvi, wanasheria wakausoma wakaiacha, mwenyewe alishafariki. Mi niliwawekea hapa kipande kimoja cha kupakwa, mnakumbuka. Nyuso zote rangi moja ya chungwa, suti zote bluu. Bibi yetu anayekaa mlangoni alisema wamekuwa kama maiti waliopodolewa. Na bibi huyo huyo usimguse kwenye Awara, muvi ya Kihindi ya Raj Kapoor, 1951, nyeusi na nyeupe, anaimba mpaka leo hajui hata neno moja lina maana gani, ukimwambia haina rangi anakushangaa, anakuambia ile mbona ina rangi.

Nimeongea sana. Leo ni City Lights ya Charlie Chaplin, 1931. Wenzake wote walishahamia kwenye muvi za kuongea yeye akagoma, kwa hiyo kijana wetu wa kipaza leo kapumzika, atauza soda. Angalieni tu pale mwanzoni anapokutana na binti kipofu anayeuza maua. Chaplin alikuwa na tatizo moja, binti haoni na muvi haiongei, sasa huyu masikini wa nguo zilizochanika atadhaniwaje kuwa tajiri? Alipiga kile kipande mara 342. Jibu lake ni mlango wa gari, sisemi zaidi, sikilizeni mlango wa gari ambao hausikiki.

Nani yuko karibu na swichi? Mama Fei hapo, tusaidie taa. Na wewe dogo acha hiyo rimoti, weusi wa pembeni ubaki hivyo hivyo.